Kahawa Yetu, Mizani ya Nani?

Hoja iliyo mezani ni hii: vyama vya ushirika vya wakulima wa Kisii na Nyamira viliwahi kweli kuwa vya wakulima? Swali lenyewe lina utovu wa adabu kidogo, hasa mbele ya wazee waliosomesha watoto kwa kahawa. Kwa hiyo makala haya yamelikabidhi kwa wasemaji wanne wasio na majina. Si watu halisi. Ni hoja nne zinazogongana kila ushirika unapotajwa katika vilima vya Gusii, zikapewa viti na ruhusa ya kukatizana.

Wa kwanza ni mzee wa kahawa kutoka upande wa Marani. Wa pili ni afisa wa ushirika aliyestaafu, mtu wa faili na vifungu vya sheria. Wa tatu ni mama mwenye majani chai karibu na Kebirigo, ambaye pia huchuma kahawa iliyoandikishwa kwa jina la mumewe. Wa nne ni kijana anayenunua ndizi na parachichi na kujaza lori Keroka. Mzee anaanza, kwa kuwa ni mzee.

“Watu husema ushirika uliletwa na Mzungu. Si kweli. Kabla ya karani na daftari tulikuwa na risaga. Jirani akiwa na wimbi la kupalilia au nyumba ya kuezeka, kitongoji kizima kilimwendea. Yeye alipika na kutengeneza pombe, na siku nyingine zamu ikawa ya mwenzake. Hakuna aliyetumwa na serikali.”

“Naheshimu risaga, mzee,” afisa anajibu, “lakini risaga haikuwa na mweka hazina. Kila mtu alimwona mwenzake akishika jembe. Aliyekwepa alijulikana siku ileile. Chama cha kahawa kinapeleka mali yako Nairobi, nawe unabaki hapa na karatasi.”

Tofauti hiyo ilianza mapema. Wakulima wa kwanza kuunda ushirika nchini Kenya walikuwa walowezi wa Kizungu waliokutana Lumbwa mwaka 1908, mahali panapoitwa Kipkelion sasa, si mbali na mipaka ya Gusii. Sheria ya kusajili vyama ilipokuja mwaka 1931, iliwakuta wao tayari wamejipanga. Mwafrika hakuwa na zao kubwa la kumfanya aunde chama, maana kahawa alikuwa amenyimwa. Sababu zilizotolewa ni kwamba angeeneza magonjwa ya mimea, angeharibu ubora na angeiba ya jirani mlowezi. Iliyosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba mtu mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mwingine kwa ujira mdogo.

Mlango ulifunguliwa nusu mwaka 1933 na 1934, kwa majaribio, katika sehemu tatu: Kisii, Meru na Embu. Zilichaguliwa kwa kuwa zilikuwa mbali na mashamba makubwa ya kahawa ya walowezi. Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari alikuwa miongoni mwa waliopanda mapema. Wengi wengine walisita.

“Walisita kwa akili,” mzee anasema. “Waliona wenzao kwingine wamepoteza ardhi. Wakajiuliza, Mzungu aliyetukataza kahawa jana mbona leo anatugawia miche? Si ndio mwanzo wa kutuhamisha? Mpaka walipoona chifu amevuna na bado analala kwenye shamba lake.”

Mwaka 1945 ikaja sheria mpya iliyokusudia vyama vya Waafrika, na mwaka uliofuata akateuliwa msajili. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipotanua kilimo cha biashara kwa Waafrika, vyama vilichipuka kutoka kilima hadi kilima, kila kimoja na viwanda vyake kando ya mito, na juu yao muungano wenye ofisi mjini Kisii.

Hapa inafaa kusimama kiwandani, kwa sababu bila kiwanda ushirika wa kahawa hauelezeki. Kahawa mbivu haingoji. Ikichumwa asubuhi, inatakiwa imenywe siku hiyohiyo. Mchumaji anafika na gunia, analimwaga juu ya turubai na kuanza kuchagua: nyekundu huku, mbichi na zilizokauka huko. Karani anapima, anaandika kilo mbele ya namba ya mwanachama, anakata risiti. Kisha mashine inamenya, punje zinakaa kwenye tangi zichachuke, zinaoshwa, zinapelekwa kwenye meza za waya kuanikwa na kugeuzwa siku baada ya siku, na jua likizidi zinafunikwa. Kwa kila kilo moja ya kahawa safi zinahitajika kilo sita au saba za mbivu. Mwenye robo ekari hawezi kununua mashine, tangi na maji ya mto peke yake. Ambaye hakupeleka kiwandani alianika nyumbani ikawa mbuni, na mbuni siku zote ilikuwa na bei ya chini.

“Kwa hiyo chama kilikuwa lazima,” kijana anadakia.

“Kilikuwa faida,” mzee anamrekebisha.

“Hapana, mzee wangu, naomba tusiruke hapo. Mkulima mdogo aliruhusiwa kumuuzia mtu mwingine?”

Mzee ananyamaza. Afisa ndiye anayejibu: hakuruhusiwa. Sheria ilimtaka mkulima mdogo apitishe kahawa yake katika ushirika, na ushirika uipitishe kwa wakala na bodi. Kijana anaegemea nyuma kama mwanasheria aliyemaliza kesi. Ushirika duniani kote hujisifu kuwa ni wa hiari, anasema, na huu wa kwao ulikuwa na mlango wa kuingilia tu.

Hoja yake ina nguvu, lakini haina historia yote ndani yake. Lazima ileile iliyomfunga mkulima ndiyo iliyofanya mkopo uwezekane. Chama kilijua kahawa ya mwanachama haina njia nyingine, basi kikampa mbolea na dawa mwezi wa njaa na kukata deni mwezi wa malipo. Baada ya sheria ya ushirika ya 1966, serikali ya Kenya huru iliujenga mfumo huo kwa bidii. Nchi za Skandinavia zilileta wataalamu na fedha kuanzia 1967. Benki ya Ushirika ilifungua milango 1968. Kuanzia miaka ya 1970 miungano ya wilaya ikapata vitengo vya benki, na malipo ya kahawa yakaanza kuingia kwenye kitabu cha akiba badala ya kuhesabiwa mkononi chini ya mti. Kwa familia nyingi za vijijini hicho kilikuwa kitabu cha kwanza cha benki kuingia nyumbani.

“Na hapo,” mzee anarudi kwa nguvu mpya, “usiniambie haikuwa yangu. Karo ya sekondari ililipwa kwa barua ya chama. Mabati yale unayoyaona, ya kahawa. Baridi kali ilipoua kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ikapanda mpaka tukadhani wamekosea hesabu. Mwaka 1976 na 1977 mtu wa miti mia mbili alijenga.”

“Brazil ilikujengea, tata, si chama,” kijana anasema, na hata afisa anacheka.

Mama wa Kebirigo, aliyekuwa kimya, anauliza swali dogo. “Kile kitabu cha akiba kiliandikwa jina la nani?”

Hakuna anayejibu haraka. Kiliandikwa jina la mwenye shamba, na mwenye shamba alikuwa mwanamume. Namba ya uanachama ilikuwa moja kwa boma moja. Aliyepalilia, aliyechuma, aliyebeba gunia mgongoni mpaka mtoni na kuchagua nyekundu na mbichi juu ya turubai mara nyingi alikuwa mke. Siku ya malipo alikwenda mume, na njia ya kurudi nyumbani haikukosa baa. Mama anayasema haya bila hasira, kama mtu anayesoma risiti.

“Mnauliza kama ushirika ulikuwa wa wakulima. Ningeanza kwa kuuliza mkulima ni nani.”

Afisa anaomba turudi kwenye sheria, jambo ambalo maafisa hulifanya mambo yanapokuwa mazito. Kwa maoni yake kosa kubwa lilikuwa malezi. Chini ya sheria ya 1966 kamishna wa ushirika aliidhinisha bajeti, maofisa wake walitia saini hundi pamoja na viongozi wa chama, na kamati iliyoboronga ingeweza kuondolewa kwa amri. Wanachama walizoea kwamba mlinzi wa mali yao ni serikali. Mkutano mkuu ukawa mahali pa kuuliza lini watalipwa na kunywa soda. Halafu, baada ya zaidi ya miaka 30, sheria mpya ya 1997 ikamtoa mlinzi huyo karibu kwa mkupuo.

“Nilikuwepo,” anasema. “Leo saini yangu inahitajika, kesho haihitajiki. Hakuna aliyewafundisha wanachama kusoma mizania. Waliokuwa wakisubiri walijua la kufanya.”

Kilichofuata katika maeneo ya kahawa nchini Kenya kinajulikana: vyama vikubwa vilivunjika vipande vipande, kila kiwanda kikitaka kuwa chama, kamati zikakopa kwa rehani ya mali ya wote, chaguzi zikapigwa vita kama za udiwani, madeni yakabaki kwa wanachama. Mwaka 2004 sheria ilirekebishwa na serikali ikarudishiwa sehemu ya meno yake. Uchunguzi ukifanywa, ripoti husomwa mbele ya mkutano mkuu, na waliohusika wanaweza kutozwa fidia. Kusoma kulifanyika mara nyingi zaidi kuliko kutoza.

Mzee haridhiki. “Bwana afisa, unataka tuamini kwamba mwizi alizaliwa 1997. Hizo saini zenu zilikuwa wapi malipo yalipokuwa yakichelewa mwaka mzima kabla ya hapo?”

Hapa ndipo mjadala unapofika penye nyama. Mwezi wa Julai 1989 nchi zilizokuwa zimekubaliana kugawana soko la kahawa duniani zilishindwa kuelewana, mgao ukafutwa, na bei ikaporomoka. Muda mfupi tu nyuma Kenya ilikuwa imevuna kiasi chake kikubwa kuliko chote, karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88. Miaka ya karibuni mavuno ya nchi nzima hucheza kwenye theluthi ya hapo. Mkulima wa Gusii aliyekuwa akipokea malipo yaliyokatwa ushuru wa chama, gharama za muungano, kukoboa, usafiri, wakala na bodi alikuwa anaweza kuvumilia makato hayo bei ikiwa juu. Bei iliposhuka, makato hayakushuka nayo. Wengine waling’oa miti ingawa sheria ilikataza. Wengine waliiacha ikavamiwa na majani na wakapanda mahindi katikati.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, wizi umebebeshwa lawama kuliko stahili yake, kwa sababu wizi una sura na jina, ilhali makato hayana. Chama kilikuwa chini ya macho ya mwanachama kuanzia shambani mpaka kwenye meza ya waya. Mizani aliiona, na karani aliyepunja alijulikana mama yake ni nani. Gunia lilipopanda lori kuelekea kwenye kinu na mnada wa Nairobi, umiliki ulibaki kwenye cheti tu. Aliyejua bei aliijua peke yake.

Pareto inaonyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Katika sehemu za juu zenye baridi, za Kiamokama na Nyamache na huko Nyamira, maua meupe yalikaushwa nyumbani na kukusanywa na vyama, kisha yakaenda kwa mnunuzi mmoja tu: Bodi ya Pareto, Nakuru. Hakuna mgomo wa chama ambao ungeweza kumtisha mnunuzi wa pekee. Kenya ilikuwa inaongoza dunia kwa zao hilo. Bodi ilipoanza kuchelewesha malipo, kwanza miezi, baadaye miaka, wakulima hawakuandamana sana. Waling’oa. Australia ikachukua nafasi.

“Mama yangu alidai hela za maua mpaka akaacha kuzitaja,” kijana anasema. “Ndiyo maana mimi sijiungi na chochote. Nalipa hapohapo, pesa mkononi au kwenye simu. Ndizi hazina bodi, hazina chama, na wakulima wananitafuta wenyewe. Ushirika wa kweli ni bei mnayokubaliana mkiangaliana usoni.”

Mama anamgeukia. “Mwanangu, ndizi unanunua kwa kilo?”

“Kwa mkungu.”

“Nani anaamua mkungu huu ni mkubwa au mdogo?”

“Tunaangalia.”

“Mnaangalia. Na ukifika jioni, jua limezama, ndizi nimezikata asubuhi na haziwezi kurudi mtini, nani anaangalia zaidi, mimi au wewe?”

Kijana anatabasamu, lakini anajua ameshikwa. Kwenye ndizi mizani yenyewe hakuna, na mtu asiye na mizani hana hata cha kulalamikia. Ubishi juu ya kilo tatu zilizopotea ni ubishi wa mtu ambaye angalau alipimiwa.

Mama ana ushahidi wake mwenyewe, na si wa kuupamba. Chai ilichelewa kufika Gusii, ikaenea kwa kasi chini ya KTDA, msimamizi wa chai ya wakulima wadogo, iliyoanzishwa 1964 kama mamlaka ya serikali na kugeuzwa kuwa kampuni ya binafsi mwaka 2000. Kwa sheria, mkulima wa chai si mwanachama wa ushirika. Ni mwenye hisa katika kampuni ya kiwanda: Kebirigo, Nyankoba, Sanganyi, Tombe, Gianchore, Nyansiongo, Kiamokama, Ogembo na vingine. Viwanda hivyo ndivyo wenye hisa wa KTDA yenyewe. Kwa karatasi basi mchuma majani wa Nyamira ni tajiri wa aina fulani.

“Nina hisa,” anasema. “Nimekaa nazo chini ya kibanda cha kituo mpaka saa tatu usiku, lori halijafika, majani yanaanza kuungua ndani ya gunia. Lakini nasema ukweli. Kila mwezi kuna kitu kinaingia. Kidogo, lakini kinaingia. Kahawa inakulipa ikikumbuka. Ndiyo maana watu waling’oa kahawa wakapanda chai, si kwa sababu ya kupenda kampuni kuliko ushirika.”

“Na bonasi?” afisa anauliza.

“Bonasi usiniulize mbele ya watu.”

Swali lenyewe linauma. Kwa miaka mingi malipo ya mwisho ya chai magharibi mwa Bonde la Ufa yamekuwa chini sana kuliko ya mashariki, Murang’a au Kirinyaga. Wanaotetea husema mnada wa Mombasa unalipia ubora, na chai ya mashariki inapata bei bora. Wanaopinga huuliza kwa nini gharama za kiwanda hazina tofauti kama hiyo. Hapo ndipo soko huru linapopata chakula chake: broka anafika na mizani ya kuning’iniza, anachukua hata majani ambayo kituo kingekataa, analipa palepale. Mkulima anayemuuzia anajua anakidhoofisha kiwanda anachokimiliki. Anajua vilevile kwamba mtoto amefukuzwa shule leo, na bonasi ni ya mwezi wa kumi.

Mzee anaona mwanya. Sasa mambo yanatengenezwa, anasema. Tangu 2023 fedha za mnada wa kahawa hupitia mfumo wa malipo ya moja kwa moja unaosimamiwa na Benki ya Ushirika, na makato ya chama yamewekewa mpaka: angalau asilimia 80 iende kwa mkulima. Kuna pia mfuko wa malipo ya awali, ulioanzishwa kwa Sh3 bilioni na kuendeshwa na New KPCU, kampuni ya serikali ya kahawa, ili mtu asingoje mnada akiwa na njaa. Miche ya Ruiru 11 na Batian inastahimili magonjwa. Hata akiba za zamani za wakulima hazikupotea zote: Wakenya Pamoja, sacco yenye makao yake mjini Kisii, zamani iliitwa Gusii Farmers Rural Sacco.

“Wakenya Pamoja sasa inamkopesha mwalimu, mwenye duka na bodaboda,” kijana anasema.

“Nawe pia ingekukopesha. Si ulinunua lori?”

Kijana hakani.

Afisa anakubali kwamba mfumo mpya unafupisha njia ya pesa, ila anaongeza la kihesabu. Sensa ya 2019 ilikuta watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na mashamba mengi hayafiki hata ekari moja. Asilimia 80 ya kilo 50 za kahawa mbivu haimtoi mtu popote. Chama kilichojengwa kwa ajili ya wanaume wenye ekari tatu mwaka 1960 sasa kina wajukuu wanaogawana mistari ya miti, na rejista bado imejaa majina ya marehemu. Mwenye namba amezikwa. Wanaochuma ni wakaza wana, nao mkutanoni hawana kura.

“Basi tuandikisheni,” mama anasema.

“Inahitaji hati ya shamba,” mzee anajibu, kwa upole wa mtu anayetaja jambo la kawaida.

“Haihitaji,” afisa anasema.

Wote wanamtazama. Kwa mara ya kwanza faili zake zinamfaa mtu. Sheria ya ushirika, anaeleza, inataka mwanachama awe na umri wa miaka 18 au zaidi, shughuli yake iwe ile ambayo chama kimeundiwa, na awe anaishi katika eneo la chama au anatumia ardhi iliyomo humo. Kuishi kunatosha. Hati ya shamba haimo. Idadi ya miti na jina la mwenye boma ni mambo ya sheria ndogo za vyama na mazoea ya kamati, na sheria ndogo hubadilishwa na mkutano mkuu.

“Miaka yote hiyo ulikuwa unajua?” mama anamuuliza.

“Hakuna aliyeniuliza.”

Mzee anadai kwamba boma moja likiwa na namba tatu, karani atachanganyikiwa, malipo yatagawanywa mara tatu, na wanaume watasusa. Mama anasema mara tatu ndiyo idadi ya watu wanaochuma. Kijana, ambaye hakuja kujiunga na chochote, anataka kujua kama anayekodi miti ya kahawa kwa msimu naye anaweza kupewa namba. Afisa anafungua faili tena kutafuta sheria ndogo za chama cha mzee. Mzee anasema nakala iko ofisini, na ofisi iko chini ya kufuli tangu uchaguzi uliopita uende mahakamani.